Barua za Wasomaji: Picha Hii Ni ya Nani?

Barua zilizofika mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu nusu yake zinauliza ni kamera gani inunuliwe. Kwa hizo zote nina jibu moja: nunua iliyotumika, iliyo ndani ya uwezo wako, na pesa zitakazobaki uzitie katika lenzi nzuri na nauli ya matatu. Zilizosalia nimezijibu kwa kadiri ya uzito wa swali, kwa hiyo asione vibaya aliyeandika kurasa tatu akajibiwa kwa mistari michache.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Kisauni na nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Natamani sana kuwa mpigapicha wa habari wa kujitegemea. Naomba unieleze siku yako ya kazi huwaje tangu asubuhi hadi usiku. (Kijana, Kisauni)

Marahaba, mwanangu. Nikikueleza siku ya jana utavunjika moyo, kwa hiyo nitakueleza Jumatatu moja ya hivi karibuni, ambayo ilikuwa siku njema. Mhariri mmoja wa Nairobi alikuwa ametaka picha za maisha ya kivuko cha Likoni, hapa Mombasa. Wapigapicha wengi wangekwenda pale saa kumi na mbili asubuhi, wakati umati unapovuka kuja kisiwani kufanya kazi, na wangerudi na picha ambayo kila gazeti limeichapisha mara mia. Mimi nilianza kwa kutazama mwezi. Ilikuwa siku ya pili tangu mwezi kuwa mpevu, maana yake ni bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na wakati wa bamvua huku kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Maji yakipwa namna hiyo, feri hukaa chini sana, na ile njia ya kupandia nchi kavu, ambayo maji yakijaa ni kama sakafu, hugeuka mlima. Hapo ndipo wasukuma mikokoteni wanapotaabika. Mmoja huvuta mbele, wawili husukuma nyuma, na yuko wa nne anayetembea kando na kipande cha gogo mkononi, akikitia nyuma ya gurudumu kila wenzake wanaposimama kupumua. Nilikuwa nimetoka kupiga picha za yule wa mbele, jasho na misuli, kama afanyavyo kila mtu. Picha iliyochapishwa ni ya mkono wa yule wa nne, umeinama chini kabisa, kidole kimoja kikiwa kati ya gogo na gurudumu lenye mzigo wa magunia ya viazi.

Usidhani niliingia pale hivi hivi. Nilikuwa na barua ya ruhusa pamoja na kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, na bado nilisimamishwa na walinzi mara mbili. Kivukoni, bandarini na penye majengo ya usalama usipige picha kwanza ukaomba ruhusa baadaye, kwa kuwa huko hata kamera yenyewe inaweza kulala kituoni.

Picha yenyewe ilichukua nukta ya sekunde. Kusubiri kulichukua saa tatu, na baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza. Niliketi kwenye mkahawa karibu na Marikiti, nikapitia picha mia mbili na kitu, nikabakisha tisa, kisha nikaandika maelezo ya kila moja: ni nani, anafanya nini, wapi, lini na kwa sababu gani. Nilipofika kwa yule mtu wa gogo nikagundua kwamba jina la baba yake nilikuwa nimeliandika nusu, na kwa kuwa simu hakuwa nayo, nikapanda tuktuk kurudi Likoni kumtafuta. Picha zilitumwa saa nane kasorobo. Jioni niliandika ankara ya kazi hiyo, na nikatuma ujumbe wa nne wa kudai malipo ya kazi nyingine iliyoahidiwa kulipwa kwa siku 30 na sasa inakwenda mwezi wa tano. Kwa hesabu yangu, katika siku ya saa kumi za kazi, kamera haiko jichoni kwa muda unaofika hata saa moja. Kwa hiyo, pamoja na kujifunza kamera, jifunze kuandika sentensi iliyonyooka na kuyaandika majina ya watu bila kosa, kwani picha isiyo na maelezo ya kuaminika mhariri huiweka kando hata ikiwa nzuri kiasi gani.

SWALI: Kaka, mimi hupiga picha za harusi na mara nyingine hutumwa na makampuni. Miaka miwili iliyopita shirika moja lilinipa kazi ya siku tatu, tukakubaliana kwa simu tu. Sasa naziona picha zangu kwenye mabango barabarani hadi Malindi, na nikiuliza naambiwa kwamba nilishalipwa. Je, sina haki? (Mpigapicha, Changamwe)

Kaka, jibu litakuuma. Sisi wapigapicha tumezoea kuambiana kwamba picha ni mali ya aliyebonyeza. Neno hilo ni kweli pale unapotoka nyumbani kwa hiari yako ukapiga picha bila kutumwa na mtu. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, hata kama huyo si mwajiri wako, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama kuna mapatano baina yenu yanayozuia au kupunguza uhamisho huo. Mlipokubaliana kwa simu bila kutaja matumizi, kimya chenu kilimfaa yeye.

Hata hivyo usikate tamaa kabla ya kupekua simu yako. Tafuta ujumbe wowote wa siku zile ambamo mteja alisema picha ni za kazi gani. Kama aliandika kwamba anazitaka kwa ajili ya ripoti ya mwaka tu, basi una pa kushika, na huo ndio ujumbe wa kumpelekea wakili. Kama hakuna, chukua hasara hii kuwa karo. Mimi nililipa karo kama hiyo, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliona haya kumwandikia mkataba mtu aliyekuwa rafiki. Siku hizi kila bei ninayotoa huwa na sentensi hii chini yake: hakimiliki inabaki kwa mpigapicha, na mteja anaruhusiwa kuzitumia picha katika ripoti na tovuti yake kwa muda wa miezi 12. Mteja akijibu kwa maandishi kwamba amekubali, hayo ni mapatano. Akitaka mabango, aseme mabango, na bei itajulikana.

Picha ambazo ni zako hulindwa kwa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka zilipopigwa au zilipotolewa kwa umma. (Mtunzi wa vitabu hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sijapata kuelewa kwa nini jicho letu limepimwa kwa kibaba kidogo kuliko kalamu yake.) Lakini ulinzi wa miaka 50 hauna maana kwa mtu asiyejua faili zake ziko wapi. Priya Ramrakha, Mkenya aliyepigia picha majarida makubwa ya Marekani na akauawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuja kuonekana takriban miaka 40 baadaye, ikiwa imekaa katika gereji jijini Nairobi. Yeye alipiga kwa filamu, na filamu huweza kusubiri gerejini. Diski yako ikianguka mara moja haisubiri, kwa hiyo weka nakala tatu, na moja kati yake isilale katika nyumba moja na zile nyingine.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu kodi. Ile asilimia 5 wanayokukata makampuni kabla ya kukulipa haikupotea. Ni kodi iliyotangulizwa kwa jina lako, na unatakiwa kuihesabu utakapowasilisha ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni. Dai cheti cha makato kila mara.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Kibokoni. Binti yangu wa miaka 14 alipigwa picha akipita Ndia Kuu akitoka chuoni, na sasa sura yake iko kwenye kalenda ya hoteli moja. Hatukuulizwa. Tulipokwenda kulalamika tukaambiwa kwamba njia ni ya umma. Hivyo nyinyi watu wa kamera mmepewa ruhusa na nani ya kuchukua sura za watoto wa wenzenu? (Mama, Mji wa Kale)

Shikamoo, mama. Waliokujibu hotelini wamekupa nusu ya maneno. Ni kweli kwamba njia ni ya umma na kwamba mtu kupita na kamera si kosa. Lakini kalenda ya hoteli ni chombo cha biashara, na biashara ina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu sura ya mtu anayetambulika kuwa ni taarifa yake binafsi, na hairuhusu taarifa hiyo itumiwe kwa biashara bila ridhaa ya mwenyewe. Anapokuwa mtoto, ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Andika barua kwa hoteli hiyo, utaje tarehe uliyoiona kalenda, uambatanishe nakala ya ukurasa wenyewe, na udai iondolewe. Wakikaidi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi hiyo haifanyi mzaha na picha za watoto: mwaka 2023 iliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi wao.

Habari ni mlango mwingine. Sheria hiyo hiyo imewaachia waandishi wa habari nafasi, pale ambapo kuchapisha kuna manufaa kwa umma na mwandishi amefuata maadili ya kazi yake. Ningeweza kuishia hapo nikaonekana msafi, lakini swali lako, mama, limenikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Miaka mingi nyuma, mwezi wa Ramadhani, nilipita kichochoro kimoja cha Mji wa Kale dakika chache kabla ya magharibi. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kizingitini, mlango umefunguliwa nusu, akitoa mahamri kwenye karai, na mwanga wa jua la kuchwa ulikuwa umepenya baina ya nyumba mbili ukauangukia mvuke wa mafuta. Nilipiga picha nne, nikaenda zangu kufuturu. Moja ilichapishwa kwa ukubwa wa nusu ukurasa, na watu wakanisifu. Wiki mbili baadaye nilipita tena nikamkuta mlangoni, nikamwonyesha gazeti kwa furaha ya kijinga. Hakukasirika. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa katika eda ya mume wake aliyefariki, wakati ambao mjane hukaa ndani, hazijatimia hizo siku zake za miezi minne na siku kumi, na kwamba alikaa pale kizingitini kwa kuwa alikuwa na watoto watatu wa kulisha na hakuna mwengine wa kuuza. Majirani walijua na wakamsitiri. Sasa wakwe zake wa Lamu walikuwa wameiona picha, na lililosemwa huko halikuwa dogo.

Katika picha ile hapakuwa na kitu cha kunionya. Nguo zake zilikuwa za kawaida, uso umetulia, mwanga mzuri. Ningejua tu kama ningeuliza, na kuuliza kungenigharimu dakika tano na labda lile funda la kwanza la maji ya kufuturia.

Wenzangu husema kwamba kuomba ruhusa huua picha, kwa kuwa mtu akijua anapigwa hujiweka sawa na uhai hupotea. Wana hoja, ila wanasahau kwamba unaweza kuuliza baada ya kupiga. Ninachofanya mimi ni hiki: napiga, nashusha kamera, namwendea mtu na kumwonyesha kioo, namwambia mimi ni nani na picha itakwenda wapi. Akikataa, naifuta mbele ya macho yake. Akikubali, nachukua jina na baadaye namrudishia nakala iliyochapwa, hata ikiwa ndogo ya ukubwa wa postikadi. Simwombi ruhusa askari anayempiga mwananchi rungu hadharani, wala kiongozi aliyesimama jukwaani. Hao wamejitokeza kwa mamlaka yao. Mwanamke aliye kizingitini kwake hajajitokeza kwa yeyote.

SWALI: Ndani ya lenzi yangu kumeota kitu kama utando wa buibui. Nifanyeje? (Msomaji, Mikindani)

Hiyo ni kuvu, na ni maradhi ya wote tunaokaa karibu na bahari. Ikiwa changa, fundi mzuri ataifungua lenzi na kuisafisha. Ikishakaa hula ule utandu uliopakwa juu ya kioo, na hapo haitoki tena. Usihifadhi lenzi katika mkoba wa ngozi wala kabatini penye giza na joto. Nunua kopo la plastiki linaloziba sawasawa, utie vile vifuko vya silika, na uvikaushe kila vinapojaa unyevu. Mchele ambao watu hupendekeza huacha vumbi tu. Ukitoka ufuoni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili chumvi itoke, na ukitoka katika chumba chenye kiyoyozi iache kamera ndani ya mfuko kwa nusu saa kabla ya kuitoa, la sivyo utapiga picha za ukungu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari. Nilipiga picha nzuri ya wavuvi, lakini kulikuwa na mfuko wa plastiki pembeni, nikaufuta kwa kompyuta. Mwalimu amekataa kuipokea kazi yangu. Je, hakuzidisha? (Mwanafunzi, Tudor)

Hakuzidisha hata kidogo. Mnamo Januari 2014 shirika la habari la Associated Press lilikata uhusiano na Narciso Contreras, mpigapicha wa kujitegemea aliyekuwa miongoni mwa walioshinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia kwa picha za vita vya Syria. Kosa lake lilikuwa kufuta kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana kwenye pembe ya chini ya picha moja. Kamera hiyo haikubadilisha habari, kama vile mfuko wako usivyobadilisha uvuvi, lakini msomaji akishajua kwamba kitu kimoja kimetolewa hana tena sababu ya kuamini kwamba vingine vimeachwa. Unaruhusiwa kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, na kukata kingo za picha. Kutoa kilichokuwapo au kutia kisichokuwapo ni marufuku. Na kusema kweli, kama ni pwani yetu ya leo unayoipiga picha, mfuko wa plastiki ulistahili kuwamo. Kama ulikuchukiza kwa macho, ungesogea hatua moja kushoto.

SWALI: Nimestaafu ualimu na napenda sana picha zako gazetini, lakini nahisi hizo ni za mhariri. Usipotumwa na mtu, unapenda kupiga nini? (Mwalimu mstaafu, Nyali)

Mwalimu, umenikamata. Kazi ya gazeti hunilisha, lakini haiko hata picha moja ya gazeti niliyoitundika nyumbani kwangu. Zilizotundikwa ni za aina mbili.

Ya kwanza ni za jua la utosi. Vitabu vya kupiga picha, ambavyo vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, hutuambia tuweke kamera chini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Mwandishi wa huko ana saa nzima ya machweo ya kuchezea, ilhali sisi jua likishazama tuna kama dakika 20 tu kabla giza halijaingia. Tukimfuata tutafanya kazi dakika chache kwa siku. Mombasa iko nyuzi nne kusini ya ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo mwaka mzima hukaa kivulini, hupata jua hadi chini kwa dakika chache adhuhuri. Baraza zote huwaka. Mtu akipita, kivuli chake kimekunjwa chini ya nyayo kama mkeka, na mwanga unaorudi kutoka ardhini humwangaza usoni kutoka chini. Nimekuwa nikiupiga mwanga huo kila Machi na kila Oktoba kwa miaka kadhaa, na jamaa wa barazani wameshazoea kunitania kwamba mimi ndiye kalenda yao.

Ya pili ni ya mtu mmoja. Upande wa Mtongwe yuko fundi mzee anayetia kalafati, yaani anayeziba mianya ya mbao za mashua zilizopandishwa ufuoni. Husokota pamba kwenye paja lake mpaka iwe uzi mnene, huichovya katika mafuta, kisha huisukuma baina ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, huku akisikiliza. Nilichukua mwezi mzima kuelewa kwamba anasikiliza. Pamba ikiwa haijashiba mlio wa nyundo huwa mzito, na ikishashiba mlio huwa mkavu, na hapo huhamia mbele kwa upana wa vidole vitatu. Namna ya kuonyesha mlio katika picha sijaipata. Nimejaribu kupiga sikio lake, nimejaribu kupiga nyundo ikiwa hewani, nimejaribu kumpiga mjukuu wake anayemtazama. Katika ukuta wangu nina picha za wapigapicha wa Likoni wa miaka ya 1990, wale waliokuwa na vibanda vyao karibu na feri, wakimsimamisha abiria mbele ya maua ya plastiki na ndege iliyochorwa kana kwamba anasafiri Ulaya, na kila nikizitazama najiuliza wao wangemfanyaje fundi huyu. Pengine wangemtandikia zulia, wakamvisha koti.

Uso wake sina. Nina picha 40 na kitu za mikono yake, za paja lenye pamba, za kofia yake ikiwa imetundikwa msumarini, lakini uso amenikatalia tangu siku ya kwanza, na mimi sikumwuliza tena. Mwezi uliopita yeye mwenyewe ndiye aliyelianzisha neno hilo, bila kuinua kichwa. Alisema mashua hii itashuliwa bamvua ya kwanza Kaskazi itakapoanza, na kwamba siku hiyo atavaa kanzu.